Nani Kafuta Majina ya Aprikoti?

Juni 28

Leo Mwalimu Didar amenikabidhi ufunguo wa Nyumba ya Kumbukumbu ya kijiji chetu, kompyuta moja na shangazi wawili. Mwalimu ndiye mwenyekiti wa nyumba hiyo. Alinifundisha hesabu darasa la sita, na mpaka leo akinitazama najikuta nimenyoosha mgongo.

"Durdana," kasema, "bonde hili lina aina za aprikoti zaidi ya sabini. Watu wanakata miti mizee wanapanda cheri, kwa sababu cheri ndiyo inayotakiwa Karachi. Tuziandike zote kabla hazijaisha. Picha, matumizi, na majina kwa lugha zetu. Septemba ishirini tunafanya maonyesho. Nataka mtu asimame mbele ya kioo cha kompyuta, aone tunda la babu yake."

Shangazi Zaibun atajaza Kiwakhi. Alizaliwa Gulmit, juu ya bonde, akaolewa huku chini miaka thelathini iliyopita. Shangazi Mehrangez atajaza Kiburushaski. Ni majirani, ukuta kwa ukuta, na kuku wao wanataga popote wanapopenda. Mimi nitaandika Kiurdu na kuunda mfumo wenyewe. Nimesoma kompyuta Lahore miaka minne. Hii ni kazi ya wiki moja.

Juni 29

Mfumo umesimama. Siku moja tu! Kila aina ya aprikoti ina kadi yake, na kila kadi ina sifa zake: jina, namba ya mti, kijiji, mwezi wa kuiva, ladha ya kiini cha kokwa, matumizi, picha. Juu ya kadi kuna vitufe vitatu vya lugha. Unabonyeza lugha yako, unaandika, unahifadhi. Programu iliniuliza maswali chungu nzima juu ya kila sifa, kama ina lugha au haina, kama ni ya lazima, kama inapokea jibu moja au mengi. Nikajibu harakaharaka, maana mama alikuwa ananiita chapshuro, mikate yetu ya nyama, zinapoa. Nimezima utunzaji wa nakala za zamani, kompyuta yenyewe ina nafasi finyu.

Julai 2

Zamu zimepangwa. Zaibun asubuhi, Mehrangez baada ya chakula cha mchana, mimi napiga picha za miti. Majina wanayachukua kwa Bibi Nigar, anayekaa juu ya kinu cha maji. Mama yake alikuwa Mwakhi, baba yake Mburusho, na yeye ana miaka themanini na kitu. Hakuna aprikoti asiyoijua. Wanakwenda kwake kila mtu kwa wakati wake, wanarudi wanaandika.

Julai 6

Joto. Kadi kumi na nne. Nimeanguka mtini, si vibaya.

Julai 9

Shangazi Zaibun amenisubiri mlangoni.

"Mwanangu, jana nimeandika majina tisa. Leo nafungua, nakuta Kiburushaski."

"Ulibonyeza kitufe cha Kiwakhi, shangazi?"

"Nilibonyeza."

"Labda hukubonyeza vizuri."

Nikamwonyesha. Nilibonyeza polepole, kwa kidole kimoja, nikisema "Ki-wa-khi" kama mtu anayefundisha chekechea. Alitazama kidole changu mpaka mwisho.

Julai 10

Mchana, zamu ya Mehrangez. Yeye hanong'oni.

"Durdana! Huyu jirani yangu kaniandikia Kiwakhi kwenye kadi zangu! Matumizi yote niliyoandika jana, mafuta ya kiini, dawa ya kikohozi, yote kafuta!"

Nikamwambia lazima kila mmoja achague lugha yake kwanza. Akaniambia yeye alichagua lugha yake tangu tumboni mwa mama yake.

Nimecheka njia nzima hadi nyumbani. Hawa shangazi wana vituko. Wangeipa kompyuta nusu saa tu wakaisoma kwa makini, mambo yangekuwa shwari.

Julai 13

Upepo. Vumbi kwenye kamera.

Julai 14

Wamekutana. Zaibun alichelewa kuondoka, Mehrangez akawahi kufika, na mimi nilikuwa katikati na kikombe cha chai ya tumuro, yale majani ya mlimani.

"Afadhali umekuja," akaanza Zaibun. "Nilitaka nikuulize kwa adabu. Kiwakhi kimekukosea nini?"

"Mimi? Mimi ndiye ninayefuta? Nani kanifutia aprikoti ya kijiji cha juu mara tatu?"

"Kwani ya kijiji cha juu ni yako? Mama yangu alikuwa anaianika wewe hujazaliwa!"

"Alikuwa anaianika Gulmit, mwenzangu. Huku ni huku."

Hapo Zaibun akavaa kofia yake ya tarizi vizuri, kama anayekwenda msibani, akatoka. Baadaye mama kanisimulia kwamba mbele ya kinu, watu wakisikia, Zaibun kamwita mwenzake mwizi wa maneno. Na jioni Mehrangez karudisha kuku watatu kwa kuwatupa juu ya ukuta.

Julai 15

Nimechapa karatasi yenye masharti saba, nimeibandika ukutani. La kwanza: CHAGUA LUGHA YAKO KWANZA. Imependeza.

Julai 19

Zaibun ameacha kazi.

Alikuja saa mbili asubuhi, akaweka ufunguo wake mezani, juu ya karatasi ya zamu. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Mimi sijasoma sana, Durdana. Lakini kufungua na kufunga kitu najua. Nimeandika majina arobaini na moja. Yamebaki matatu. Sitaki kumchukia jirani yangu uzeeni kwa sababu ya matunda."

"Shangazi, ukifuata yale masharti..."

"Nimeyasoma masharti yako. Ni mazuri."

Mwalimu Didar kaniuliza kulikoni. Nikamjibu, "Wanawake wawili kwenye kompyuta moja, Mwalimu." Alinitazama kama enzi zile nilipokuwa natoa jibu bila kuonyesha njia.

Julai 20

Mehrangez kafanya zamu zote mbili. Hakuimba kama kawaida yake.

Julai 21



Kiurdu nilikuwa nimekiacha mwisho, kwa vile nakijua na hakingenichukua muda. Leo asubuhi nikakaa nikajaza kadi kumi. Nilipokuta maneno ya Mehrangez nikadhani kakosea kitufe tena, nikaandika juu yake. Jina kwa Kiurdu, matumizi kwa Kiurdu, hifadhi, nyingine. Nilikuwa napiga mluzi. Kabla ya kadi ya kumi na moja nikataka kuchungulia Mehrangez alieleza vipi matumizi, nikarudi kwenye moja niliyokwisha jaza, nikabonyeza Kiburushaski.

Nikakuta Kiurdu. Kiurdu changu mwenyewe, cha dakika tano zilizopita.

Nikabonyeza Kiwakhi. Kiurdu changu.

Nikajaribu nyingine, na nyingine. Zote kumi. Kila mahali ambapo jana palikuwa na maneno ya Mehrangez, leo ni maneno yangu, yamejaa kifua mbele kwa lugha zote tatu.

Nikafungua mpangilio wa sifa, ule niliojibu harakaharaka. Namba ya mti: haina lugha. Sawa. Picha: haina lugha. Sawa. Jina: haina lugha. Matumizi: haina lugha. Nilikuwa nimejibu "haina" toka juu mpaka chini. Vitufe vile vitatu vilikuwa vinabadilisha maandishi ya pembeni tu. Ndani, jina lilikuwa na chumba kimoja, na kila aliyeingia alimtoa aliyekuwemo. Zaibun asubuhi alimtoa Mehrangez, Mehrangez mchana akamtoa Zaibun, bila yeyote kujua, kwa wiki tatu, na wote wawili walibonyeza kitufe sahihi kila siku.

Nakala za zamani hakuna. Nilizizima.

Nimebandua karatasi ya masharti saba. Nimeikunja ndogo kabisa, lakini hakuna mahali pa kuitupa ambapo mimi mwenyewe sitaiona.

Julai 22

Nilianza na Mehrangez, kwa sababu yeye hupiga kelele na kelele huisha. Nilimkuta anapasua aprikoti uani. Nikamweleza. Akaacha kupasua.

"Kwa hiyo Zaibun hakufuta?"

"Hata moja."

"Na mimi?"

"Wala wewe. Ni mimi, shangazi. Nilijenga nyumba ya chumba kimoja nikawaambia ina vyumba vitatu."

"Na wiki tatu hizo unatuonyesha kubonyeza!" Akanirushia kokwa. Ikanipata begani. "Ki-wa-khi! Ki-wa-khi!" Ya pili. "Binti wa Lahore!" Ya tatu ilinikosa, na hapo akaanza kucheka mpaka akajishika ukutani, halafu ghafla akalia. "Nimemtupia kuku wake," akasema. "Mmoja anachechemea."

Kabla sijafika mlango wa Zaibun, Mehrangez alikuwa ameshapita kwa juu, ameruka ukuta na umri wake ule. Niliposogea nikawasikia.

"Nisamehe, mwenzangu."

"Nani kakwambia uanze wewe? Mimi ndiye niliyekuita mwizi."

"Kuku kwanza."

"Mwizi ni mkubwa kuliko kuku, Mehrangez, usinipunje."

Wakaniona. Wakanigeukia pamoja, mikono kiunoni. Angalau sasa kuna jambo wanalokubaliana.

Mwalimu Didar aliposikia aliuliza kitu kimoja: "Umewaambia wao kabla yangu?" Nikasema ndiyo. "Basi rudi kazini." Alinipa kiti, cha kukaa, jambo ambalo darasa la sita hakuwahi kulifanya.

Julai 24

Kwa Bibi Nigar. Majina karibu hamsini yamepotea, na mwenye nayo ni yeye tu. Kumi na mbili Mehrangez alikuwa ameyaandika nyuma ya bahasha. Zaibun anakumbuka tisa.

Bibi alikuwa juu ya paa lake, amezungukwa na masinia ya aprikoti. Alinisikiliza huku kasogeza sikio zima.

"Maneno yangu mmeyapeleka wapi?"

"Yamefutika, bibi. Kosa langu."

"Mimi si redio. Uzime, uwashe, nianze upya?"

"Tusamehe, bibi."

"Na hawa wawili walikuwa wanakuja kimyakimya, mmoja asubuhi, mmoja jioni, kama wanakwenda kwa mganga. Kila mmoja ananiuliza habari za mti uleule!" Akakohoa, akakunja shali. "Nina miti kumi na moja, matunda yanaanguka, mikono yangu imekwisha. Mtakuja wote watatu. Pamoja. Mtapasua, na mimi nitasema. Mkono ukisimama na mdomo unasimama."

Julai 25

Paani. Vidole vimekuwa rangi ya chungwa.

Julai 26

Bado paani. Nimeandika majina ishirini na sita katika daftari, na nimejifunza kuliko miaka yangu minne ya Lahore.

Bibi aliokota tunda moja dogo lenye wekundu upande mmoja. "Hili mama yangu alikuwa analiita shavu la bi harusi." Zaibun akatikisa kichwa, ndivyo, Kiwakhi. "Na baba yangu alikuwa analiita mvunja meno."

Mehrangez akapiga goti. "Ndilo! Kokwa lake ni jiwe!"

"Tunda moja?" nikauliza.

"Moja," akasema Mehrangez. "Ninyi Wawakhi mnaliangalia. Sisi tunalila."

Zaibun alicheka mpaka kofia ikamwegemea sikioni. Na mimi nikaacha kuandika, maana nilikuwa nimejiona mwerevu nikipanga kuchukua jina la Kiurdu na kuomba tafsiri zake mbili. Hakuna kitu cha kutafsiri hapo. Ni majina mawili, yamezaliwa nyumba mbili, na kila moja linajua kitu ambacho lingine halijui.

"Mkono," akasema Bibi Nigar.

Nikaendelea kupasua.

Julai 27

Saa tisa alasiri mawingu yalishuka kutoka upande wa barafu ya mlimani bila hodi. Aprikoti iliyoanikwa siku mbili ikilowa inaota ukungu, na pale palikuwa na masinia arobaini, chakula cha Bibi cha majira ya baridi. Tone la kwanza likanipiga puani.

Nikakimbilia daftari.

"Acha daftari!" wakapiga kelele wote watatu. "Shika turubai!"

Nikashika turubai. Upepo ukalishika pia. Mehrangez alikuwa anapitisha masinia dirishani mawilimawili, Zaibun anayapokea ndani, wanaitana kila mmoja kwa lugha yake na hawaangushi hata sinia moja. Nililalia ncha ya turubai kwa tumbo, mvua ikinipiga mgongoni. Tulipoteza masinia mawili. Thelathini na nane yakafika ndani.

Ndipo nikakumbuka daftari, nikatoka mbio, paa tupu. Nilirudi natiririka maji, nadhani na machozi yalikuwemo. Zaibun akatia mkono ndani ya gauni lake akatoa daftari, kavu, lina joto la mwili wake.

"Safari hii hayafutiki," akasema.

Julai 28

Mafua. Wote.

Agosti 3

Leo tumeunda mfumo upya, na sikugusa kompyuta mpaka tulipomaliza kubishana. Mwalimu Didar aliketi pembeni anasahihisha magazeti, kazi asiyolipwa na mtu. Niliweka bakuli mbili mezani, moja "ina lugha", nyingine "haina". Kila sifa niliiandika kwenye kipande cha karatasi.

"Namba ya mti?"

"Haina," wakasema.

"Picha?"

"Haina. Picha ni picha."

"Jina?"

"LINA!" Mwalimu akaangusha kalamu.

"Jina moja kwa kila lugha, au mengi?"

Mehrangez akakunja uso. "Kijiji cha juu wanaita hivi, cha chini wanaita vile. Ukiwapa nafasi moja, watapigana siku ya maonyesho. Mengi."

"Na pembeni ya kila jina," akasema Zaibun taratibu, "pawe na aliyelisema. Bibi asipotajwa, tumemwibia."

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nikaandika karatasi mpya.

Tukakwama kwenye ladha ya kiini. Zaibun alisema ina lugha, kwa sababu anaiandika kwa Kiwakhi. Mehrangez akasema haina: "Chungu ni chungu, hata ukiiita malkia." Wakavutana nusu saa, na wote walikuwa sahihi. Jibu lenyewe ni moja kwa kadi nzima, kiini ni kitamu au ni kichungu. Neno la kulionyesha jibu hilo ndilo linalobadilika kwa kila lugha. Kwa hiyo mtu anachagua mara moja tu, na kadi inasema kwa lugha ya msomaji. Akikosea mmoja, anasahihisha mara moja, kote kunanyooka.

"Kwa nini hukutuuliza hivi Juni?" akasema Mehrangez.

Nikamwambia nilikuwa nawahi chapshuro, na huo ni ukweli.

Nakala za zamani nimeziwasha. Nimezijaribu mara sita.

Agosti 11

Kadi thelathini. Zaibun amechukua zamu ya mchana pia, eti anapenda kelele.

Agosti 19

Kuku anayechechemea ametaga upande wa Mehrangez. Yai limerudishwa kwa heshima zote.

Septemba 2

Kadi sabini na tatu. Aprikoti zimekwisha mitini, zimebaki tufaha.

Septemba 12

Ubishi mwingine, huu wa heshima. Kuna kadi zenye jina la Kiwakhi tu, na nyingine Kiburushaski tu. Msomaji akifungua pasipo na jina, aone nini? Mwalimu Didar anataka pajazwe Kiurdu ili pasiwe patupu. Mimi pia, mwezi Juni, ningefanya hivyo bila kuuliza.

"Ukijaza Kiurdu," akasema Zaibun, "mjukuu wangu atadhani hatukuwahi kuwa na neno."

"Na ukiacha wazi," akasema Mwalimu, "watadhani tumefanya kazi nusu."

Wakanigeukia. Nikasema tuandike pale: *Bado hatujaambiwa. Unalijua? Sema.* Kwa lugha ya msomaji mwenyewe.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Safari hii umeonyesha njia," akasema.

Septemba 20

Uwanja ulijaa toka asubuhi. Tulitoa meza nje, kompyuta juu, kioo kikubwa cha kuonyeshea nyuma yake. Bibi Nigar alikaa mbele kabisa, na kila kadi iliyoonyesha jina lake pembeni alisoma kwa sauti, ingawa hajui kusoma. Majina aliyajua kwa picha za matunda. Wazee wa Gulmit walipanda gari maalumu kuja. Walipoona *Bado hatujaambiwa* walikasirika vizuri kabisa. "Hamjaambiwa? Hamkuuliza!" Kufika saa sita tulikuwa tumejaza nafasi kumi na saba, na foleni ilikuwa inazunguka mti.

Wapiga ngoma waliokuwa wakitumbuiza walipopumzika, mmoja wao alikuja mezani. Mzee Haibat, mpulizaji wa zumari, kutoka kijiji cha mafundi chuma chini ya mfereji. Alisimama nyuma ya foleni, na zamu yake ilipofika akampisha mwingine. Halafu mwingine. Watu walipopungua akasogea.

"Binti, hivi vitufe ni vitatu tu?"

"Ndiyo, baba."

"Sawa, sawa. Nilikuwa nauliza tu." Akageuka.

Nimecheza ngoma zao kila harusi tangu nilipojua kusimama. Sikuwahi kujiuliza nyumbani kwao wanaongea nini. Nikamkimbilia, nikamshika mkono wa kanzu.

"Baba, nyumbani mnaongea lugha gani?"

Akatazama kushoto na kulia. "Kidomaki. Tumebaki wachache. Watoto hawakitaki, wanachekwa."

Nikarudi mezani, nikafungua mpangilio, nikaongeza lugha. Dakika moja, labda chini. Hakuna kadi iliyosumbuka, hakuna jina lililomtoa mwenzake. Kitufe cha nne kikatokea juu, Kidomaki, kwenye kioo kikubwa, mbele ya uwanja mzima. Mehrangez akavuta kiti. Zaibun akampa mzee chai.

Nikamfungulia aprikoti ndogo yenye wekundu. "Hii mnaiitaje?"

Akalitaja jina, kwa sauti ya chini.

"Linaandikwaje?"

Akacheka, akafunika mdomo. "Sijui, binti. Sijawahi kuiona lugha yetu imeandikwa."

Nikaliandika kwa kuifuata sauti yake, herufi kwa herufi, na pembeni nikaweka *Haibat, mpulizaji zumari*. Nikahifadhi. Nikalisoma jina kwa sauti, nikakosea. Akanirekebisha. Nikalisoma tena, na safari hii likakaa. Wenzake walikuwa wameanza kuita, ngoma zinamsubiri, lakini yeye alibaki amesimama, zumari kwapani, anatazama kioo.

"Soma tena," akasema.